Adabu ya Sinyati

Kitu cha kwanza Laurencia alichokiona kilikuwa mikunjo. Shuka la yule mzee lilikuwa na mikunjo ya mraba, ile ambayo nguo huwa nayo ikitolewa kwenye mfuko wake wa nailoni siku hiyohiyo. Wazee wa Kimaasai aliowazoea yeye, wale wanaopita na ng'ombe kwenda mnadani, mashuka yao yalikuwa yamechoka, yamekula moshi na vumbi mpaka yakafuata mabega ya wenyewe. Hili lilisimama kama kadibodi. Tena lilikuwa kwenye kona ya kilima cha mnara, mahali pasipo na boma wala duka wala kivuli, ambapo mtu hana sababu ya kusimama isipokuwa anamngojea mtu.

Aliyaona hayo akiwa anakimbia, jasho likimwingia machoni na pumzi ya mlima ikimkwangua koo. Mbele yake kidogo alikuwa Sinyati wa Endulen. Tangu walipotoka uwanjani, Laurencia alikuwa hatazami kitu kingine ila mgongo wa Sinyati, mgongo mwembamba ulionyooka, na kwa mara ya kwanza katika mbio zote walizowahi kukimbia pamoja, mgongo ule ulikuwa hauzidi kwenda mbali. Ulikuwa unasogea. Kila alipokanyaga, ulikuwa unasogea.

Halafu ukasimama.

Sinyati alikuwa amemwona mzee. Aliacha njia, akatembea hadi alipo, akainamisha kichwa mbele yake kama anavyofanya mtoto yeyote wa Kimaasai akikutana na mkubwa wake, akangoja. Mzee akaweka kiganja juu ya utosi wa msichana, taratibu, bila haraka ya mtu aliye kwenye mbio, kwa kuwa yeye hakuwa kwenye mbio.

"Takwenya," alisema mzee.

"Iko," akaitikia Sinyati huku anahema.

Laurencia akawapita. Nyuma yake alisikia sauti ya mzee ikiendelea, anauliza habari za nyumbani, za mama, za ng'ombe, za mvua. Salamu zile huenda moja baada ya nyingine, kila moja na jibu lake, na mtoto aliyelelewa hazikati katikati. Kisha kona ikaifunika sauti. Barabara ikabaki tupu mbele yake, nyekundu, inateremka kurudi mjini Karatu, na hapakuwa na mtu wa kumfukuza.

Mbio zile zilikuwa za nafasi moja tu. Kambi ya wanariadha ya Arusha ilikuwa inachukua msichana mmoja, atakayeshika namba ya kwanza, wengine warudi makwao mpaka mwaka mwingine. Kambini kuna kitanda, chakula, viatu, na safari za kwenda kushindana mikoa ya mbali. Na hawaulizi cheti. Kwa Laurencia hilo la cheti lilikuwa kubwa kuliko kitanda na viatu. Aliacha shule darasa la tano, mwaka ambao baba yake alilala asiinuke tena, akabaki nyumbani Kansay kuchunga na kulima na mama yake, Katarina. Kila alipobisha hodi baada ya hapo, hata kwenye zile hoteli za watalii wanakotaka mtu wa kufua tu, aliulizwa kwanza amesoma mpaka wapi. Hakuwa msichana wa maneno. Akiulizwa hivyo alitazama chini, akaaga, akaondoka. Kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakikuwahi kumtia aibu kilikuwa miguu yake.

Aliyeiona miguu hiyo alikuwa Mwalimu Remigius. Naye, kama Laurencia, alikuwa wa kabila la Wairaqw wa Kansay, mstaafu sasa, ila ujana wake wa ualimu wote aliumalizia Endulen, ndani ya hifadhi, akifundisha watoto wa wafugaji. Huko walimpenda. Siku anaondoka walimchinjia, wakamvisha shanga, akarudi nyumbani na Kimaa, lugha ya Wamaasai, kinachoeleweka, na mazoea ya kunywa chai yenye maziwa mengi kuliko maji. Jioni moja alimkuta Laurencia anamfukuza ndama aliyekata kamba, akasimama kutazama mpaka ndama akakamatwa. Kesho yake akaenda kwa Katarina kumwombea ruhusa kama mtu anayekwenda kuposa, amevua kofia, amekaa ukingoni mwa kigoda. Tangu siku hiyo Laurencia alimhesabu kuwa baba yake wa pili. Hakuwahi kumjibu zaidi ya "ndiyo, Mwalimu".

Sinyati naye aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Mwalimu ndiye aliyemfundisha kusoma huko Endulen, na hakulificha hilo. Katika mashindano ya nyuma Sinyati aliwaacha wasichana wote wa Karatu kama wamesimama, na Mwalimu alibaki pembeni ya njia akitikisa kichwa, nusu anafurahi, nusu anaumia. Siku ile, wakirudi Kansay, alimwambia Laurencia maneno ambayo msichana alilala nayo na kuamka nayo.

"Unamkaribia, binti. Mwaka huu unamfikia."

Akaendelea kumwambia hivyo msimu mzima wa mazoezi. Laurencia hakuhitaji kuambiwa kitu kingine. Alikuwa anapanda vilima vya Kansay alfajiri kabla ya kukamua, na kila kilima kilikuwa na mgongo wa Sinyati juu yake.

Asubuhi ya mashindano Sinyati alifika uwanjani juu ya lori la mizigo kutoka hifadhini, ametapakaa vumbi hadi kwenye kope. Alipomwona Mwalimu alikwenda moja kwa moja, akainamisha kichwa. Mwalimu akamwekea mkono utosini kama zamani, akamuuliza baba yake anaendeleaje na mguu. Penina alikuwa kando anafunga viatu. Huyu alikuwa msichana mwingine wa kikosi cha Mwalimu, mtoto wa mjini, mwenye mdomo.

"Huyu akikutana na wazee wa kutosha njiani," alisema Penina, "sisi tunakunywa soda, tunaoga, tunarudi kumpokea."

Watu wakacheka, hata Sinyati akacheka. Mwalimu peke yake hakucheka. Aligeuka akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakukipata.

Hayo yote yalimrudia Laurencia akiwa anateremka kilima peke yake. Yakarudi pamoja na jambo jingine. Siku mbili kabla, alipokwenda kwa Mwalimu kuchukua viatu vya kukimbilia, aliona juu ya meza shuka jekundu ndani ya nailoni. Aliuliza kwa macho tu, kama kawaida yake. Mwalimu akasema ni zawadi ya mgeni.

Miguu ilikuwa inaendelea. Aligeuza shingo mara moja, akaona kona bado haina mtu. Angeweza kupunguza mwendo. Angeweza hata kusimama pale penye mawe, akajifanya amechomwa na mwiba. Wazo hilo lilipita akaliona likipita. Kisha akasikia shangwe za uwanjani kwa mbali, na vigelegele, na miguu ikafanya kile ilichofundishwa kufanya.

Mwalimu alimpokea kwenye utepe kwa mikono yote miwili. Alikuwa analia. Laurencia hakuwahi kumwona analia, na kwa muda mfupi, akiwa kifuani kwa yule mzee anayenuka sabuni na vumbi la chaki ambalo halimtoki hata baada ya kustaafu, alifurahi kweli. Furaha ile ndiyo iliyomwuma zaidi baadaye.

Penina alikuwa wa pili. Sinyati alikuja wa tatu, amekwisha kupoteza mwendo, anakimbia kama mtu anayekwenda tu kumalizia kazi aliyotumwa.

Laurencia alijaribu. Hilo lisemwe. Alikwenda hadi kwenye meza ya waamuzi, chini ya turubai, alipokaa Inosenti, mwamuzi mkuu, na wenzake. Alikuwa ameyapanga maneno kichwani: kwamba mzee wa kilimani hakuwa mpita njia, kwamba aliwekwa. Akasimama mbele ya meza. Inosenti aliinua macho, akatabasamu, akamuuliza bingwa anataka nini. Maneno yakakwama palepale yanapokwama siku zote. Watu wakageuka kumtazama. Mwamuzi mmoja mama wa makamo akamhurumia, akasema huyu mtoto ana kiu, hamwoni, mpeni soda. Wakampa soda. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akaondoka.

Kisha zikaja hotuba. Mgeni rasmi alikuwa amevaa tisheti mpya juu ya shati lake, na kifuani imeandikwa kwamba michezo ni maadili. Alizungumza kwa urefu. Alisema kushinda siyo kila kitu, alisema mwanamichezo bila nidhamu ni sawa na ng'ombe bila mchungaji, alisema vijana wa leo wanataka medali kabla hawajajua kusalimia. Watu walipiga makofi. Halafu akapewa karatasi, akatangaza kwamba kuna zawadi ya pekee, ya mwanamichezo mwenye tabia njema, iliyopendekezwa na mwalimu wetu mzee Remigius. Ikatolewa kwa Sinyati kutoka Endulen, ambaye katikati ya mashindano alisimama kumsalimia mzee.

Zawadi yenyewe ilikuwa beseni la plastiki lenye mche wa sabuni ndani.

Sinyati alilipokea. Alipiga goti kidogo mbele ya mgeni rasmi, akapeana mkono na Mwalimu, akainamisha kichwa. Mwalimu akakigusa. Laurencia, aliyekuwa amesimama jukwaani na medali yake shingoni, alitazama ule mkono ukishuka na kuinuka kwenye nywele fupi zenye vumbi.

Yule mzee wa kilimani aliteremka polepole, akafika uwanjani watu wakiwa wanatawanyika. Aliitwa Lekoko. Alikuwa wa Endulen pia, ila alikuwa analinda duka la vifaa vya ujenzi hapo mjini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefurahi, shuka lake linameta, na kwa yeyote aliyetaka kusikiliza alieleza kwamba Mwalimu alimfuata mwenyewe, akamwambia mtoto wa nyumbani anakimbia leo, mzee njoo usimame pale mlima unapokuwa mkali, umpe baraka asichoke. Akampa na shuka, ili asionekane mlinzi mbele ya watoto. Tangu jua linachomoza alikuwa pale.

Akamuuliza Sinyati kama ameshinda.

Sinyati akamwonyesha beseni.

Mzee alilishika, akaligeuza, akaligonga kwa kidole kusikia ugumu wake. Akaridhika. Alisema Kimaa maneno marefu, akatema mate kidogo kifuani mwa msichana kumbariki tena, akaondoka zake kwenda lindoni.

Laurencia alimfuata Sinyati bombani, nyuma ya vyoo vya uwanja, ambako alikuwa anaosha miguu ndani ya beseni lake jipya. Alisimama kando. Sinyati ndiye aliyeanza.

"Karibu, bingwa. Beseni lipo, miguu yako pia ina vumbi."

Laurencia hakucheka. Alisema kitu ambacho hakukipanga. "Ungempita tu. Angeelewa."

"Yeye? Yule ni rika moja na baba yangu. Kwetu huyo ni baba. Nikimpita mbio bila kumwinamishia kichwa, jioni hii Endulen wanajua, na mama yangu ndiye anaulizwa alinizaa wapi."

"Hakuja mwenyewe pale."

Sinyati aliacha kusugua mguu. Alimtazama kwa macho yaliyochoka tu, hayakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Wewe unajua na mimi najua. Nililiona lile shuka kutoka mbali. Nani anamnunulia mlinzi shuka jipya asimame kwenye jua?" Akamimina maji. "Mwalimu alikaa kwetu nikiwa mdogo hivi. Kichwa changu kimeshikwa na mkono wake kuliko mkono wa babu yangu. Anajua mimi nitasimama wapi na nitapita wapi. Hata ungemwamsha usingizini, anajua."

"Ulijua, na ukasimama?"

"Mzee hajui kitu. Aliambiwa anibariki, akaja na njaa yake. Sasa nimwache na mkono hewani?" Akavaa ndala zake. Ndipo sauti yake ikapata ukali kidogo. "Mwambie Mwalimu mwakani alete na ng'ombe. Nitasimama niwakamue kabisa, halafu mnipe na ndoo."

Laurencia alishindwa kuondoka. Kulikuwa na swali ambalo lilikuwa linamchoma kuliko medali, kuliko mzee, kuliko hata ile huruma aliyokuwa anaihisi, na aliona haya kwamba ndilo lililomleta bombani.

"Kilimani," alisema, "ulinisikia?"

"Nilisikia miguu yako." Sinyati alikunja uso kama anayetafuta kitu kwa uaminifu. "Sijawahi kusikia miguu ya mtu kwenye kile kilima. Ilikuwa karibu."

"Ningekupita?"

"Sijui."

Wakatazamana. Upande wa barabarani dereva wa lori alikuwa anapiga honi kuwaita watu wa hifadhini.

"Na mimi sijui," alisema Laurencia.

"Basi ndiyo hivyo," akasema Sinyati. Akamwaga maji machafu, akachukua beseni kwapani, akaenda kupanda lori.

Kansay ilimpokea Laurencia kwa ngoma. Katarina, mwanamke asiyecheka ovyo, alipita nyumba hadi nyumba na medali ya mwanawe kama anayeonyesha mtoto mchanga. Jumapili iliyofuata padri aliwaombea wote wawili, binti na mwalimu wake, na watu wakageuka kuwatazama kwenye mabenchi yao. Mwalimu alikaa ameinamisha kichwa. Laurencia aliutazama ukosi wa shati lake kwa nyuma, ulivyopigwa pasi vizuri, akajiuliza anaomba nini.

Usiku na mchana alikuwa anarudi kilimani. Katika fikra zake mzee hakuwepo. Kona ilikuwa tupu, na yeye na Sinyati walikuwa wanapanda, na mgongo ulikuwa unasogea, unasogea. Mara nyingine alimpita. Mara nyingine Sinyati aliongeza mwendo kule juu na kumwacha. Ilitegemea anawaza saa ngapi na amechoka kiasi gani. Hapakuwa na namna ya kumaliza mbio zile. Hata wakikimbia tena mwakani zitakuwa mbio nyingine, na yeye atakuwa mtu wa kambini, mwenye viatu, na Sinyati atakuwa mtu aliyewahi kusimamishwa.

Jioni moja, mama yake akiwa anachambua maharage, Laurencia alimwita mama kwa lugha yao, "Aayo, nikisema siendi?"

Katarina hakuinua hata macho. Alisema hajui angeuweka wapi uso wake kijijini. Kisha, baada ya kutupa mawe machache nje ya ungo, akauliza kuna nini. Laurencia akasema hakuna kitu. Angemwambia nini? Nafasi ikiachwa haiendi Endulen. Alikwisha kuuliza kwa mzunguko, akajibiwa na Penina mwenyewe, aliyekuwa amekuja kumtania: "Ukiogopa Arusha sema mapema, mama, mimi begi langu limefungwa. Wa pili ni nani kwani?" Ikiachwa, inakwenda kwa wa pili. Na wa pili pia ni wa Mwalimu. Kona ile ilikuwa imemkata Sinyati mara moja tu na ikamalizana naye.

Siku ya safari Mwalimu alimsindikiza hadi stendi ya Karatu. Alibeba begi mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Alimchagulia kiti cha dirishani upande usio na jua, akahakikisha begi limefungwa juu, kisha akashuka, akasimama chini ya dirisha kama wanavyosimama wazazi. Alimwambia ale vizuri, asiwaonee aibu makocha wa Arusha, aseme akiumwa. Alimwambia asikubali kukimbizwa kwenye lami mapema. Alikuwa anaongea haraka, kana kwamba anaogopa kuulizwa kitu.

Laurencia akatoa kichwa dirishani.

"Mwalimu," alisema Laurencia. "Yule mzee ulimweka wewe."

Mwalimu alitazama kulia na kushoto. Wauza karanga walikuwa mbali. Hakukana, na Laurencia alimshukuru moyoni kwa hilo, kidogo.

"Hakuna aliyemshika yule mtoto," alisema. "Njia ilikuwa wazi. Hata waamuzi nimewauliza, hakuna sheria inayomkataza mtu kusimama barabarani. Miguu ilikuwa yake, akaisimamisha mwenyewe."

Laurencia hakumwondolea macho.

"Sikiliza, binti. Sinyati ana baba, ana ng'ombe, ana ukoo. Akikosa leo ana pa kurudi. Wewe ukikosa unarudi kwenye jembe mpaka uzeeke, na mama yako anazeeka nawe. Nimewafundisha wote wawili. Unadhani mimi ni jiwe? Ule mkono niliomwekea kichwani, unadhani haukuniuma?" Akafuta midomo kwa leso. "Ilibidi nichague. Nimekuchagua wewe. Siku moja utakuwa na wa kwako, utanielewa, utanishukuru."

Dereva aliwasha injini. Dirisha likaanza kutetemeka. Kondakta akapita akipiga ubavu wa gari kwa kiganja, anahimiza walio chini wapande.

"Ulikuwa unaniambia namfikia," alisema Laurencia.

"Mtoto huambiwa maneno ya kumtia nguvu."

"Kilimani nilikuwa namfikia. Nilimwona anasogea. Mwalimu, ningemfikia?"

Hapo Mwalimu Remigius alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mashindano. Huenda aliona kwamba baada ya yote Laurencia anamdai ukweli mmoja. Huenda alichoka tu.

"Hapana," alisema. "Alikuwa anajitunza kwa ajili ya mteremko. Namjua anavyokimbia. Usingemfikia, Laurencia. Mwaka huu usingemfikia, na mwakani vilevile. Nilijua tangu mwanzo."

Gari likaanza kurudi nyuma kutoka kwenye maegesho. Mwalimu akalifuata, mkono mmoja umeshika ukingo wa dirisha, uso umeinuliwa, akingoja jibu. "Ndiyo, Mwalimu" ilikuja hadi mdomoni kwa Laurencia, yenyewe, kama ilivyozoea kuja. Akaimeza. Akauondoa ule mkono dirishani, kidole kimoja kimoja, bila kumwumiza.

"Ungeniacha nishindwe," alisema.